Chambo cha Mwangati

Mjukuu wangu Shabani,

"Chambo kisicho na risasi ya betri hakizami." Ndivyo anavyodai huyo mwenzako wa chumbani, na wewe umeniandikia niwaamulie. Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yako ni mzima na kabichi zimefunga vizuri. Ila mwenzako anasema uongo, tena kwa kujiamini.

Nilipokuwa msichana hapa Malindi yetu ya milimani, nilichonga chambo cha kuvulia samaki kwa kipande cha mti wa mwangati, urefu wa kidole. Nikakizungushia waya wa shaba, mzungusho mmoja mmoja, nikikijaribu kwenye beseni mpaka kikazama polepole kama jani lililolowa. Kaka yangu Abdi akaniona, akacheka.

"We Mwanaidi, hizo kuni unakwenda kumpikia samaki?"

Nikaona haya, nikakitupa. Msimu mzima tukayeyusha risasi za betri chakavu katika sufuria ya mama, kisha tukaisugua sufuria kwa jivu, na bada, ugali wetu wa muhogo, likasongwa humohumo. Jivu linatoa masizi, halitoi sumu. Mdogo wetu Zaina ndiye aliyekuwa akikomba ukoko. Tulimzika kabla ya vuli, na zaidi ya hapo siandiki.

Chambo changu kilizama vizuri, Shabani. Nilichoshindwa ni kustahimili kicheko.

Sasa nyinyi wawili, mnaoyeyushia risasi, kama ulivyoniandikia, katika sufuria mnayopikia wali: itoboeni kitako leo, kabla hamjapika, ndipo muitupe, mwenye njaa asije akaiokota.

Bibi yako,
Mwanaidi