Beseni Nililokataa Kuuza

Muhindo, mdogo wangu,

Usishangae kukuta mwandiko wangu katika daftari lako. Nimeanzia pale kalamu yako ya kijani ilipokomea, maana karatasi bado ni nzuri na wewe hukupenda kuona daftari likitupwa nusu tupu. Nina habari. Mimi Masika, dada yako, muuza maparachichi wa Majengo, sasa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi. Asubuhi niko sokoni, mchana niko darasani. Cheka kwanza, nitakungoja umalize.

Kosa ni lako. Wiki tatu baada ya kukuzika, wageni wa kilio waliporudi Butembo na mimi nikabaki peke yangu nyumbani, nilifungua begi lako. Katika daftari hili la mikroekonomia, pembeni ya somo la muuzaji anayetafuta faida kubwa iwezekanavyo, uliandika: "Kumuuliza yaya juu ya nini anakatalaka kuuzisha beseni nzima." Ukapiga mstari chini yake mara mbili. Yaya ndiye mimi, dada yako mkubwa, na hukuwahi kuniuliza kwa nini. Homa ilikuwahi.

Najua ulikuwa unamfikiria yule bwana wa mgahawa, mwenye pikipiki nyekundu. Alikuwa akija kabla ya saa mbili asubuhi, anatazama beseni langu lililojaa, anasema: "Mama, ninabeba zote. Sema bei." Nami namwambia achukue kumi na tano, yaliyobaki yana wenyewe. Siku moja ulikuwa umesimama nyuma yangu, na uliponisikia ulinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akipanda ngazi.

Nililisoma swali lako mara nyingi, na kilichoniudhi ni kwamba sikuwa na jibu. Miaka kumi na mitatu ninauza, na sikujua kwa nini ninakataa pesa. Basi nikatafuta diploma yangu ya sekondari chini ya godoro, nikaenda kujiandikisha. Mama Noella, yule jirani yangu muuza nyanya, alitikisa kichwa: "Masika, hii kilio inakupeleka mbali." Huzuni ilikuwepo, sikatai. Lakini zaidi ya yote nilitaka kujua.

Na somo ni tamu, Muhindo. Mbona hukuniambia? Profesa anachora mstari unaoshuka na mwingine unaopanda, inakutana, anaweka nukta na kusema bei iko hapo. Niliitazama ile nukta kipindi kizima. Mimi bei naipata kwa kuangalia viatu vya mteja na mawingu ya mvua, yeye ameipata kwa rula, na jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi hatupishani sana. Wiki iliyofuata akasema kwamba katika soko kamili bidhaa zote zinafanana. Hapo sikuvumilia, nikainua mkono: "Profesere, avoka haziko sawa zote." Nikamweleza kwamba mimi nabonyeza parachichi karibu na kikonyo kwa kidole gumba, halafu namuuliza mteja, "Utakula siku gani?" Kuna parachichi la leo, la kesho, na la Jumapili. Vijana walicheka. Profesa hakucheka, alitaka kujua la Jumapili nalitambuaje siku ya Alhamisi, na kipindi kikaishia hapo. Tangu siku hiyo darasa zima linaniita Mama Kesho.

Basi nikadhani jibu nimelipata. Nilikataa kwa sababu yule bwana angechukua hata yasiyoiva, na wateja wangu wangekosa ya siku yao. Niliandika hivyo kwa majivuno. Ila moyoni nilijua si kweli yote. Akina mama wengine wanauza maparachichi hatua kumi kutoka kwangu, hakuna ambaye angelala njaa.

Halafu likaja somo la gharama ya fursa. Profesa alisema kwamba ukichagua kitu, gharama yake ni kile ulichokiacha. Kalamu yangu ilisimama. Nilikumbuka zile siku nane za homa yako, tukinunua vidonge duka la dawa huku tukingoja pesa ya hospitali ipatikane. Kama ningemuuzia yule bwana kila alipotaka, je, tungengoja? Wiki mbili sikukanyaga chuo. Niliogopa swali lako. Niliogopa kwamba jibu lake ni kuwa dada yako alikuwa mjinga, na kwamba ujinga wake umekulipisha wewe.

Kilichonirudisha ni kazi ya vitendo, ile TP. Kila mmoja, peke yake au na groupe, yaani kundi lake, achague muuzaji mmoja wa kweli, aeleze jambo moja analolifanya. Nikasema basi, nitajichunguza mimi mwenyewe. Jumanne yule bwana alipokuja, nilimuuzia yote. Alinikodolea macho, akapakia haraka nisije nikageuka. Saa mbili na robo beseni lilikuwa tupu na pesa iko kiunoni. Mama Noella akaniambia: "Sasa rudia ku nyumba, upumuzike." Kila mtu mwenye akili angerudi.

Mimi sikurudi. Niligeuza beseni juu chini, nikalikalia. Wateja wangu walikuja, wakaona hakuna kitu, wakanunua kwa akina mama wengine, hata yule muzee asiye na meno ambaye huwa anataka laini kabisa. Hakuna aliyelalamika. Jibu langu la kwanza likafa hapo. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano, na mimi bado niko pale, sina cha kuuza, najiuliza: Masika, unangoja nini? Saa sita na nusu shule ya msingi ikatoa watoto. Walijaa barabarani na sare zao nyeupe na buluu, na shingo yangu ikageuka yenyewe kuwatazama.

Nilikuwa nakutafuta wewe.

Tangu ukiwa darasa la pili, mwaka ule tuliompoteza mama, ulipita mezani kwangu kila siku saa sita na nusu. Ulikula nusu parachichi kwa chumvi, umesimama, begi mgongoni, ukinisimulia nani amepigana na nani. Kama ningemaliza beseni asubuhi, ningepanda kwenda Kibati kwa wakulima kutafuta mzigo mwingine, na wewe ungepita ukute meza tupu. Kwa hiyo sikumaliza. Ulipoota ndevu na kuanza kupita saa yoyote unayotaka, kinywa changu kiliendelea kukataa kwa mazoea.

Hilo ndilo jibu, mdogo wangu. Nilikuwa ninanunua saa sita na nusu. Niliinunua kila siku kwa faida ya beseni zima, na hata leo naona niliipata kwa bei ndogo. Kama pesa zile zingekuokoa, sijui. Nimetafuta katika daftari lako na katika kitabu cha profesa, hakuna mchoro wa jambo hilo. Linaniuma, na litaendelea kuniuma. Lakini mjinga sikuwa.

TP imetoka kurasa nne. Juu ya jalada nimeandika majina mawili, lako la kwanza kwa sababu swali ni lako. Kijana anayekusanya kazi alipitisha kidole kwenye orodha yake, akasema huyu Muhindo hayumo. Nikamwambia, "Ni wa groupe yangu." Akaliandika jina lako kwa mkono, chini kabisa ya orodha.

Sasa pumzika, Muhindo. Nimekuombea misa, na nitaendelea kukuombea. Mbele kitabuni kuna sura ya mlaji, yaani mtumiaji wa bidhaa, ambayo hukuifikia. Ninakuahidi nitaisoma yote. Na kuanzia Jumatatu, bwana wa pikipiki akitaka beseni zima, nitampa. Ikifika saa sita na nusu nitakuwa chuoni, nimeketi benchi la mbele.

Dada yako,
Masika