Sare Chini ya Sketi ya Jinzi

Damaris, nimetoka kwenye usaili wa kazi katika ile hoteli ya Hatta, kule milimani. Sijalia. Sihisi chochote.

Ulisema sketi ndefu ya jinzi wakati wa baridi inataka buti, sweta na kitu kizito ndani. Kizito nilicho nacho ni suruali ya sare ya ulinzi. Nikaivaa.

Nimemwambia madam aliyenisaili kwamba mkataba wangu wa ulinzi umekwisha. Nikaketi, mpasuo wa sketi ukafunguka. Jina la kampuni ya ulinzi likaonekana pajani.

“Sista, hiyo nini?”

“Ni ya baridi, madam.”

Ya baridi! Nimesema hivyo kweli.

“Kafeel wako anajua uko hapa?”

Mwajiri anayeshikilia viza yangu hajui, na mkataba haujaisha. Nikavuta sketi kulifunika jina. Akawahi kulipiga picha. “Khalas, basi, nenda.”

Msimamizi wangu wa ulinzi amenipigia mara mbili; nadhani picha imeshamfikia. Akipiga tena, nitapokea.