Gurudumu la Kuvukutia

Waithaka, Nairobi, Jumapili

Mpenzi Mama Mutua,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa najua hukai. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mutua ameacha kula udongo? Mimi ni mzima, ila nyusi za upande mmoja zimeungua, nawe utacheka ukijua sababu.

Siku ile kwenye simu, kadi iliisha ukisema, "Sitakuja Nairobi kukaa chumbani nikihesabu mabati. Kama kuna kazi, nitakuja." Neno hilo limenikaa moyoni. Kibanda cha kufulia chuma nimeshapata kwa Mzee Kamau, mwenye ploti hapa. Kilichobaki kilikuwa moto.

Jiko nililitengeneza kwa drum ya breki ya lori, nikapitisha bomba chini ili hewa ipande katikati ya makaa. Hewa yenyewe nikasema itatoka kwa stima, huu umeme wa hapa, si tumekuwa watu wa jiji? Nikaenda mjini, nikanunua kwa hoka wa kando ya barabara mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni. Mama Mutua, ilipuliza! Makaa yaliruka, cheche zikanijia usoni, na patasi niliyokuwa nikimfulia fundi wa mawe ikaungua ncha yote. Mzee Kamau akasimama mlangoni. "Fundi, hii kitu yako inapuliza ama inapigana?"

Nikatoboa bomba ili hewa ya ziada itoroke, moto ukatulia. Halafu stima ikapotea, chuma kikiwa ndani. Nikabaki nimeshika koleo, nikikuwaza wewe. Nyumbani mimi nilitumbukiza chuma tu, nawe uko upande wa pili wa moto, mtoto mkono wa kulia, mvukuto mkono wa kushoto. Uliongeza hewa kabla sijaomba, ukapunguza kabla chuma hakijaharibika, na huku unanisimulia habari za sokoni. Watu walisema mwanamke hakai penye moto wa mhunzi, ukawaambia basi waje wavukute wao. Hakuna aliyekuja! Kongole, mke wangu. Sijaona fundi wa moto kama wewe, hapa wala huko.

Basi nimeunda kitu kingine: gurudumu la baiskeli lenye mpini wa kuzungushia, mkanda wa tyubu, na feni ndogo ya bati ndani ya mkebe wa rangi. Ukizungusha polepole makaa yanapumua, ukikaza yanakuwa meupe. Jana nilifua patasi mbili peke yangu, nikikimbia kati ya gurudumu na nyundo kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Fundi wa mawe amezipenda, ameagiza nyingine. Peke yangu sitaziweza.

Mzee Kamau alijaribu kuzungusha, akakasirika. "Ai, fundi, hii mpini umeweka vibaya! Nani atazungusha hivi?" Nikamwambia auache hivyo hivyo.

Msalimie mama sana. Msalimie dada yangu Kanini anayekusaidia shambani, na mjomba Musyoka seremala. Mwambie kile kigoda alichonichongea ndicho nilichoweka kando ya gurudumu. Mutua umbusu, baada ya kumfuta udongo.

Jibu la barua hii lilete mwenyewe. Kazi ipo, na mpini nimeuweka kushoto.

Mumeo anayekungoja,
Baba Mutua