Nilisimama na Mkuki Mkononi

Wifi yangu mpendwa, mama Eliya,

Shikamoo. Haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka mwaka ule nguruwe pori walipotumalizia viazi vya bondeni, kisha wakahamia kwenye mahindi? Kila asubuhi tulikuta shamba limefukuliwa kama limelimwa. Mume wangu, mdogo wako, alikuwa kule Amani kwenye mashamba ya chai, nyumbani tumebaki mimi, wewe na mama yenu. Jirani yetu Baba Naomi alipokusanya wanaume na mbwa wake kwenda kuwasaka vichakani, ukamwambia na sisi tunakuja. Akacheka.

"Mama Eliya, kule hatuendi kuokota kuni."

"Mahindi ni yetu," ukamjibu. "Au hao nguruwe huwa wanauliza aliyepanda ni mwanamume?"

Akatuletea mikuki miwili. Mimi nilikwenda kwa sababu wewe ulikwenda, wifi. Hilo sikukuambia.

Kile kichaka kilikuwa kimefungamana, tukapita tumeinama, miiba inavuta masweta. Baba Naomi akatupanga kwenye kinjia cha nguruwe, wewe mbele, mimi hatua kama sita nyuma yako. "Akija, msikimbie," akasema, akazunguka na wenzake kuwafukuza kutoka juu.

Mbwa wakabweka. Nikaona majani yanatikisika yakija upande wako, nami nikaweza kusema neno moja tu: "Wifi!"

Nguruwe akachomoka, ukamchoma, mkuki ukateleza begani mwake. Akakuangusha. Ukajikinga uso kwa mkono wa kushoto, mkabiringika pamoja humo kwenye miiba. Nikiangalia naona kanga yako, mara manyoya yake, mara kanga tena. Mkuki nilikuwa nimeuinua.

"Choma! Choma, wifi!" ukanipigia kelele.

Niliogopa kukuchoma wewe. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini kuna siku nahisi niliogopa tu, basi. Nilisimama pale mpaka Baba Naomi akaja akampiga yule nguruwe, naye akakuachia na kukimbilia msituni. Hata nguruwe mwenyewe hatukumpata.

Tulikubeba kwa machela ya miti na kanga hadi hospitali ya misheni kule Rangwi, mimi nimeushika mkono wako uliofungwa, damu inapita vidoleni mwangu, sina ninachoweza kufanya ila kukuita. Uliporudi kutoka hospitali, vidole vimekataa kukunjika, mama akauliza mbele yangu, "Na huyu mwenzio alikuwa wapi?"

Ukasema, "Alikuwa mbali, mama. Hakuona."

Nikainamisha kichwa kwenye sufuria. Ungenitukana ningejua pa kushika. Mwezi uliofuata ukasema jembe limekushinda, ukashuka Muheza kwa Eliya. Nilikusindikiza hadi barabarani. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, gari likaja, ukapanda. Mdogo wako alipokwenda kukusalimia alikukuta sokoni unapanga machungwa kwa mkono mmoja. Alinisimulia huku anakula. Mimi sikuweza kula.

Sijui kama unanichukia. Nikikupigia unacheka kama zamani, nami nasikiliza kicheko hicho nikitafuta kitu ndani yake, sikipati.

Baba Naomi anakusanya watu tena, kwa sababu nguruwe wamerudi, wengi kuliko mwaka ule. Jana alisimama mlangoni akaniuliza kama nitakuja. Nikashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kabla sijajibu. Akaona, akasema, "Basi, mama Yona, pumzika," akaondoka. Mama ananiuliza tutakula nini.

Msalimie Eliya na mkewe. Usihangaike kujibu kama ni vigumu. Mimi mwenyewe nimechukua miaka kuandika.

Na jambo moja. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mahindi je, wifi?" nikakuambia yamebeba vizuri, tumshukuru Mungu. Nikakusikia ukimwambia Eliya kwa furaha, "Umesikia? Yamebeba!"

Wifi, hakuna hata bua moja lililosimama.

Mke wa mdogo wako,
Mama Yona