Chui wa Kona ya Mikalitusi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Baridi kali. Ukungu umeshuka mpaka kwenye lami. Nimeteremka kutoka Olmotonyi na makoti mawili, breki nimezishika njia nzima. Mwendo wa polepole una faida yake — kurukuru wawili kwenye mti wa mringaringa! Ni ndege wa kijani, watu humpita bila kumwona. Akifungua mabawa ndipo unapoona wekundu. Rangi ile ina shaba ndani yake, shaba hii hii ya waya. Nimewaeleza kidato cha tatu, wakapiga miayo. Shule za kulipia, watoto wanataka maswali ya mtihani tu.

Anande hakupiga miayo. Tangu goti limharibikie, mke wangu hatoki nje ya ua. Jioni huchambua maharage barazani, nami nikiegemeza baiskeli yangu ya Foniksi ukutani anadai habari za njiani. Marehemu baba yake alikuwa mlinzi wa msitu. Askari wakirudi doria aliwauliza: umeona, umesikia, au umeambiwa? Kila jibu na uzito wake. Anande ameirithi kanuni hiyo. Huniuliza kila jioni, nami hujibu kama askari.

Jumatano, 6 Julai

Eliamini amepata baiskeli ya gia. Huyu ni jirani, mgane, mhasibu mstaafu wa chama cha ushirika, siku hizi anauza mitumba mjini. Binti yake ameituma kutoka Ujerumani. Gia — kwa mlima huu! Mimi jioni napanda nikisukuma kwa mkono.

Nimefika nyumbani nimemkuta barazani, kwenye kiti changu, anamsimulia mke wangu habari za mbega. "Shemeji, wanaruka barabara na majoho yao kama maaskofu waliochelewa ibada!" Anande alicheka mpaka akashika goti.

Mimi nilikuwa na kinyonga wa pembe tatu. Nimeeleza vizuri, jinsi kila jicho linavyotazama upande wake, na kwamba pembe ni za dume. "Vizuri, Baba Irine," Anande akasema.

Vizuri!

Jumapili, 10 Julai

Eliamini amekuja tena baada ya ibada, na maandazi. Eti amemwona tai akibeba perere saa sita mchana. Anande akamuuliza: "Umeona, umesikia, au umeambiwa?"

Alimuuliza yeye! Kanuni ya mkwe wangu!

"Nimeona, shemeji, kwa macho yangu haya mawili."

Nikasema kwa upole kwamba perere ni mnyama wa usiku, mchana hujificha kwenye tundu la mti. Anande akasema nimwache mtu amalize. Chai yake imetiwa tangawizi. Yangu haikuwa nayo.

Jumatatu, 11 Julai

Leo sikuona kitu. Ukungu na kunguru. Jioni nikakuta alama za tairi pana za Eliamini uani — keshapita, keshatoa habari zake, keshaondoka. Anande bado alikuwa anatabasamu peke yake.

"Na wewe, Baba Irine?"

Nikasema: chui.

Lilitoka lenyewe. Amekatiza barabara kwenye kona ya mikalitusi, nikasema, akaingia shambani.

"Umeona, umesikia, au umeambiwa?"

"Nimeona."

Akaweka ungo chini. Akauliza mkia ulikaaje, nikasema ameuinua kidogo kwenye ncha, maana ndivyo chui afanyavyo, na jambo hilo najua. Alinishika mkono. Tangu mwaka juzi hajanishika hivyo. Tulikaa mpaka maharage yakaungulia jikoni, wala hakuna aliyejali.

Miaka yote niliyofundisha chuo cha misitu, kabla ya kustaafu, sijawahi kuandika mnyama ambaye sikumwona.

Jumatano, 13 Julai

Nkasiogi, jirani wa upande wa chini, amenisimamisha njiani na mbuzi wake. "Shikamoo Mwalimu. Ni kweli?" Anande amemwambia kutoka uani. Nikasema marahaba, nikakanyaga pedeli.

Jioni, Eliamini. Amekuja anahema, na gia zake zote.

"Mwalimu! Hata mimi nimemwona! Pale pale konani. Mkubwa, sikio la kushoto limechanika!"

Nilikaa chini. Ni mwongo. Duniani kote ni mimi peke yangu ninayejua kwa hakika kwamba huyu mtu ni mwongo, na siwezi kufungua mdomo! Ukitaka kujua ushahidi usioweza kutumika, ndio huu.

Na bado — niandike ukweli, hapa hakuna msomaji — nilichosikia moyoni ni wivu. Yule chui alikuwa wangu. Kwa nini mimi sikufikiria sikio?

"Baba Irine hakunitajia sikio," Anande alisema, akanitazama. Kisha akamtazama yeye. Akarudi kwenye ungo.

Ijumaa, 15 Julai

Wenye mbuzi wamekutana kwa mume wa Nkasiogi. Wanataka kuweka nyama yenye dawa ya kuogeshea mifugo kwenye korongo chini ya mikalitusi. Nimekwenda kuwaeleza. Sumu haichagui, nikasema, humuua wa kwanza kufika, na atakayekula mzoga wake, na mbwa wenu pia.

Nkasiogi akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwona. Sasa tumsubiri amle mtoto?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa la sentensi moja. Eliamini alikuwa amesimama mlangoni, anaeleza watu habari za sikio. Nikachukua Foniksi, nikaondoka.

Jumatatu, 18 Julai

Nguchiro wa kwenye kichuguu, karibu na kona. Huwa ninawapita asubuhi wakiota jua. Mmoja husimama kwa miguu ya nyuma kuwalinda wenzake. Akilia wote huingia shimoni. Kundi zima humlea mtoto wa yeyote. Anande huwapenda kuliko wanyama wote ninaomletea. Huuliza, "Mlinzi wangu yupo?"

Leo wamelala kandokando ya korongo. Midomo ina povu. Wadogo pia. Nilishuka, nikawavuta mmoja mmoja kwa jani la mgomba, nikawafukia ili wasiliwe. Suruali imejaa udongo. Nimechelewa kipindi cha kwanza.

Jioni sikusema. Nilisema habari za yangeyange kwenye mashamba ya Ngaramtoni.

Eliamini akaja akasema yeye. Nkasiogi kamweleza dukani, pamoja na habari za kaburi aliloliona pale korongoni. "Wamekwisha wote, shemeji. Pole sana." Anande akalia. Akamshukuru kwa kumwambia. Akamshukuru!

Alipoondoka akanigeukia. "Wewe umepita pale asubuhi na jioni. Hukuona?"

"Sikuona."

Udongo ulikuwa bado kwenye magoti yangu.

Jumanne, 19 Julai

Amenipikia kama kawaida. Hakuuliza habari za njiani.

Jumatano, 20 Julai

Hakuuliza.

Ijumaa, 22 Julai

Leo ameuliza, ila si habari. Anataka apelekwe konani kesho. Nikasema goti. Akasema goti ni lake. Baba yake alimfundisha kusoma nyayo kabla hajajua kusoma kitabu: chui hatoi kucha anapotembea, mbwa na fisi huzitoa. Kwenye vumbi la korongo nyayo hukaa. Anataka kila mmoja wetu, mimi na Eliamini, amwonyeshe alikosimama na mnyama alikopita. Peke yake, bila mwenzake kusikia.

Nikamwambia watu wameshapakanyaga sana pale.

"Basi tutaona walivyokanyaga," akasema.

Jumamosi, 23 Julai

Naandika haraka. Nimeingia ndani kutafuta pampu, gurudumu la nyuma limelala. Sijui kama limelala lenyewe. Kutokana na hilo Anande atapanda keria ya Eliamini. Mwenyewe ametandika juu yake blanketi alilokunja vizuri, kama anampokea bibi harusi.

Amenifuata ndani sasa hivi, huyo Eliamini. Kanishika mkono wa koti. Uso umempauka.

"Mwalimu, huyo chui wako. Alitoka upande gani? Niambie ili tuseme kitu kimoja."

Kwa hiyo hajui kwamba hakuna chui. Anadhani mwongo ni yeye peke yake! Ningeweza kumwambia pale pale, tukatoka wote wawili, tukasimama mbele ya Anande na kumaliza. Nkasiogi angeitoa ile nyama leo hii.

Nimemwambia: upande wa bondeni.

Ameshukuru kutoka moyoni. Nami nitasema upande wa mlimani. Ndivyo nilivyopanga kabla mkono wake haujaachia koti langu. Umri huu, na elimu hii!

Nje nawasikia. Eliamini anasema, "Kamata hapa, shemeji, usiogope." Kitu kimeanguka, nadhani ni mkongojo.

"Baba Irine!" Ni Anande. "Acha hiyo pampu. Njoo unipandishe wewe, huyu hajui goti langu linavyoshikwa. Halafu tembea upande wangu. Tukifika nitaanza na wewe."