Sauti ya Muzee Niliyoificha Ikapotea

Mushauri wetu mupendwa wa redio, Mama Dieudonnée, ninaomba musaada, na ninakuomba unisome mpaka mwisho mbele ya kunikasirikia, juu mimi mwenyewe nimekwisha kujikasirikia ya kutosha.

Niko mwanamke wa miaka makumi tatu na mbili, mukristo, ninakaa hapa Kasongo, ninafanya kazi katika kituo kidogo kinachotunza kumbukumbu, tuko na salle moja ya kazi, pano za kuvuta umeme wa jua juu ya mabati, batri ine, na mashini moja kubwa, serveur, inayotembea na programu ya Linux, iliyofika kwa pikipiki imezungushiwa godoro, na ni mimi ninayeichunga. Juu ya ile mashini moja kunakaa kazi za watu mbalimbali, orodha ya wanafunzi, daftari ya maternité kwenye wamama wanazalia, na sauti za wazee tunazorekodi ili wajukuu wasikie, na kusudi kazi ya mumoja isivuruge ya mwingine nilitenga kila moja ndani ya conteneur yake, sawa nyumba yenye vyumba, paa ni moja lakini kila mutu na mulango wake. Uzuri wa chumba cha namna ile ni kwamba kikizeeka unakibomoa na unasimamisha kingine kipya kwa dakika mbili, na ubaya wake ni kwamba kitu kilichobaki ndani kinabomoka pamoja nacho. Ndiyo maana kitu cha kudumu tunakiweka inje, katika kabati iliyounganishwa na chumba, na ile kabati haiguswi. Ninayajua haya, Mama. Nimeyafundisha wengine.

Wakati wa mvua alikuja Muzee Hamadi, muislamu wa jamaa ya zamani ya hapa mjini, akasema anataka kuhadisia mambo ya kale, kumbe alipokaa mbele ya mikro aliniomba nifunge mulango, akasema habari nyingine kabisa. Alisema ile shamba ya mpunga kule Lusangi, kando ya kijito, haikuwa yake hata siku moja, ilikuwa ya mudogo wake aliyekata lile pori kwa mikono yake, akafa wakati watu walikimbia vita, na yeye Hamadi akaichukua, akamwambia muke wa marehemu, Mama Mwamvita, kwamba shamba ni yake, akamwachia pembe moja tu ya kupanda muhogo, na miaka makumi mbili na zaidi huyu mama amekuwa akishukuru kwa kupewa pembe ya shamba yake mwenyewe. Muzee alisema irudi kwa Mwamvita na watoto wake. Alinipa sharti moja, mutu asisikie mpaka siku ya arobaini yake, watu wamalize kwanza kumulilia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hakuweza tena kuandika, na hakutaka kumupatia siri mutu wa musikiti, juu wote ni jamaa. Alipomaliza, nikazima mashini ya kurekodi, nikatoa ekutere masikioni, akanishika kiganja akauliza, "Umesikia, mutoto wangu?" Nikamujibu, "Nimesikia, baba," akainuka polepole na fimbo yake akaenda.

Sasa, ile kabati ya inje kila mutu wa kituo anaifungua, wanafunzi wa stage, wanaokuja kujifunza kazi, wanasikiliza sauti za wazee wakati wa kula, basi nilijiuliza nitaiweka wapi siri ya mutu, nikaiweka ndani kabisa ya conteneur, mahali ambapo mutu mwingine hajui kuingia, nikafuta kadi ya mashini ya kurekodi kusudi mutu asiisikie, sawa Muzee alivyotaka, na sikufanya nakala, juu niliona nakala ni mulango wa pili. Nilijisifu hata kwa kazi ile. Muzee akafa nyuma ya miezi miwili. Nilienda matanga, nilikaa na wamama, sikusema neno.

Wiki mbili zilizopita ile programu ya sauti ilikuwa imezeeka, nikafanya sawa ninavyofanya kila mara, nikasimamisha conteneur ya zamani, nikaifuta, nikasimamisha mupya. Sauti zote za wazee zikarudi, zilikuwa katika kabati. Nikatafuta ya Muzee Hamadi. Nilitafuta, Mama, nikafungua na diski ya akiba, lakini ile diski inachukua vitu vya kabati tu. Nilikaa pale nikiangalia kioo cha mashini mpaka batri ikaanza kulia, na mutu wa kulaumu hakuwepo, ilikuwa ni vidole vyangu.

Nilimwambia mutu mumoja tu, André, tunayefanya naye kazi, anayecheza michezo ya redio na kuiga sauti za wazee mpaka watu wanaanguka kwa kicheko. Yeye anasema tuko na njia mbili, ao tuseme radi imepiga serveur, mashini haina kinywa cha kukana, ao yeye ataiga sauti ya Muzee, mimi nimusomee maneno yale yale ninayoyakumbuka, juu maneno ni ya kweli, sauti tu ndiyo ya kuazima. Na mimi, Mungu anisamehe, ile njia ya pili nimeifikiri siku tatu.

Arobaini ni Ijumaa hii. Nyuma ya dua jamaa watagawa mali, na Fadhili, mutoto mukubwa wa Muzee, amekwisha kuahidi ile shamba kwa watu wa Salamabila wanaotaka kuchimba na kusafisha zahabu kando ya kijito, na wakianza kuchimba hapatabaki shamba ya kurudishia mutu. Nikisema bila sauti, nani atanisadiki? Mimi mukristo, mwanamke, mugeni katika jamaa yao, nitasimama kwenye arobaini ya baba yao niseme alikuwa mwizi? Nikinyamaza, Mama Mwamvita, ambaye hajui kitu, ataondolewa hata kwenye pembe yake ya muhogo. Nifanye nini?

Ni mimi, Naomie, Kasongo.

*

Naomie mutoto wangu,

Jibu hii nilikutumia kwanza kwa mukono wa mwenye pikipiki, siku ya Jumatatu, uipate mbele ya arobaini. Wasikilizaji wengine wanaipata leo, nyuma ya ile Ijumaa, na majina yote nimeyageuza.

Nimekusoma mpaka mwisho sawa ulivyoniomba, na sasa nitakukasirikia kidogo, vumilia. Pole kwanza. Ulitaka kutunza neno la mutu na umelipoteza kwa ajili ya kulitunza, na hilo linauma kuliko uzembe. Lakini siri haitunzwi kwa kukosa nakala, mwanangu, inatunzwa kwa ufunguo. Kama kabati ya inje ilikuwa wazi kwa kila mutu, ungetengeneza kabati ingine ya inje, ya ile sauti peke yake, yenye ufunguo wake, na nakala moja iliyofungwa mahali pengine. Nimeuliza fundi wa redio yetu hapa Kabambare, anasema Linux inakubali vile bila shida, na wewe unajua kumushinda. Wenzako haukuwaamini, sawa, lakini wewe mwenyewe ulijiamini kupita kiasi, na kosa yako iko hapo.

Fundi ananiambia tena hivi, nawe uifanye leo leo. Zima ile serveur, usiandike kitu kingine juu yake, maternité waandike kwa karatasi siku chache, hawatakufa. Diski itolewe, ifanyiwe nakala, na mutu anayejua kufufua vitu vilivyofutwa achunguze ile nakala. Pengine kipande kitaonekana. Lakini umekwisha kuitumia wiki mbili juu ya kaburi la ile sauti, kwa hiyo usiende mbele ya watu na tumaini la diski. Maji yakimwagika hayazoleki.

André abaki na michezo yake. Ile habari ya radi, sitaki hata kuizungumuza. Na hiyo sauti ya kuazima, umefikiri siku tatu na haukuona? Fadhili amekulia chini ya sauti ile. Anajua namna baba yake alivyokohoa. Atawashika kwa neno la pili, na siku atakapowashika, ukweli wa Muzee utazikwa pamoja na uwongo wenu, na hakuna baraza litakaloufukua tena. Njia ya mwongo ni fupi, na atakayeanguka mwisho wake ni Mwamvita, wala si ninyi.

Basi sikiliza. Usiende kwa Mwamvita kwanza, hata moyo ukikusukuma, watasema mulipanga. Ijumaa asubuhi mapema, siku yenyewe aliyoiruhusu Muzee, mbele ya dua, nenda kwa imamu, umuombe amuite Fadhili, mukae watatu. Huyu kijana ana baba aliyekufa, hastahili kusikia habari ile kwa mara ya kwanza mbele ya masufuria ya pilau na jamaa yote. Mupe heshima ya kuisikia akiwa amekaa. Na usianze na shamba. Anza na kosa yako, sema ulirekodi, ulificha, ulifuta, kwa mukono wako, na hauna sauti ya kuonyesha. Atakasirika, pengine atakutukana, na wewe utanyamaza. Mutu anayekuja kudanganya haanzi kwa kujishitaki, na imamu ni mutu muzima, atalijua hilo hata kama Fadhili hatalijua siku ile.

Kisha sema maneno ya Muzee sawa alivyoyasema, bila kuongeza hata moja. Usimuite mwizi. Yeye hakujiita hivyo, alisema irudi, na mutu anayerudisha anastahili jina zuri kuliko lile. Mwambie Fadhili vile, kwamba baba yake alitaka kuondoka na mikono mitupu, na amemuachia yeye kazi ya kuimaliza.

Tena umuombe imamu atume mutu Lusangi. Pori halikatwi bila majirani kuona. Wako wazee kule, wenye mashamba yanayopakana na ile, wanaojua ni shoka la nani lililoanguka pale, na pengine wamenyamaza miaka yote hii juu hakuna aliyewauliza. Na mambo ya zahabu yasimame mpaka wao wasikiwe. Hilo ndilo la kwanza kuomba, na usitoke bila kulipata.

Unaniambia wewe ni mukristo, mwanamke, mugeni. Vizuri. Haukulima ile shamba, hautairithi, hautakula hata punje ya mpunga wake. Katika jamaa ile yote, nani mwingine anayeweza kusema hivyo?

Neno la mwisho. Umeandika kitu kimoja kwa haraka, ukakipita, nami nimerudi kukisoma mara tatu. Unasema ulizima mashini, ukatoa ekutere, ndipo Muzee akakushika mukono akauliza kama umesikia. Mashini ilikuwa imekwisha kuzimwa, Naomie. Mutu aliyeficha jambo miaka makumi mbili hakuliacha mikononi mwa kisanduku cha batri. Alikuachia wewe, na wewe ulipokea, ulimujibu kwa kinywa chako.

Ijumaa nenda ukaseme kwamba ulisikia.