Bimkubwa Amelala

Rotorua, Nyuzilandi
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mdogo wangu Balqis,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwa barua pepe, upate kumsomea Bimkubwa. Miye mzima, miguu tu imevimba kwa ndege. Nyinyi huko nyumbani Azaiba hamjambo? Bimkubwa kaamkaje?

Mji wote huu unanuka yai viza. Ni moshi wa madini ya kiberiti unaotoka ardhini, na wenyewe wala hawausikii. Leo tumepelekwa kijiji cha Wamaori, wenyeji wa asili wa huku. Mwanamke mmoja mtu mzima alituita kwa sauti ndefu kama ya kilio, tukasimama langoni mpaka alipomaliza. Halafu wakatusalimu pua kwa pua, kama wanaume wetu huko Oman. Anayetuongoza ni mzaliwa wa hapo hapo, anaitwa Ngaire. Katulisha mahindi yaliyochemshwa ndani ya dimbwi la maji moto, hakuna jiko wala kuni.

Miaka tisa ya kumuuguza Bimkubwa sikupata usingizi kamili. Jana nimelala mpaka jua likanichoma. Ahsante kwa kunisukuma nije. Nakuusia lile lile: huyo mama yetu asende chooni peke yake, hata akikutukana.

Dada yako,
Muhsina


Muscat
Jumanne, 12 Novemba

Dada Muhsina,

Waalaikumu salaam. Sote wazima, alhamdulillah. Bimkubwa keshakula, dawa kanywa. Nimemsomea barua yako akacheka: "Kaenda mwisho wa dunia kutazama maji yanachemka! Jikoni kwangu hayachemki?" Kisha akaniuliza kama hao Wamaori wana adabu kwa wazee. Nikamwambia wanayo. "Basi akae," kasema. "Apumzike mwanangu."

Chooni nampeleka, na matusi nayapata. Ondoa wasiwasi.

Mdogo wako,
Balqis


Rotorua
Alhamisi, 14 Novemba

Balqis wangu,

Hamjambo? Nimepiga mara nne tangu jana, hushiki simu. Hata kaka Suud hashiki.

Leo tumeona matope yanatokota kama uji. Unapita juu ya mbao tu. Ukikanyaga pembeni, ardhi inaweza kukumeza mguu. Makaburi yao wameyajenga kwa saruji juu ya ardhi, maana ukichimba unakutana na mvuke. Nikamuuliza Ngaire wanazikaje. Kasema maiti wanakaa naye siku tatu, hawamwachi peke yake hata kidogo. Wanamlilia, wanazungumza naye, na mwenye dukuduku naye humwambia pale pale. Nikamwambia sisi huzika siku ile ile. Akaniuliza, "Na walio mbali?"

Mpe simu Bimkubwa, nna hamu na sauti yake.

Dada yako,
Muhsina


Muscat
Ijumaa, 15 Novemba

Dada,

Salaam. Simu yangu mbovu. Bimkubwa amelala. Akiamka nitakupigia.

Mdogo wako


Rotorua
Jumapili, 17 Novemba

Balqis,

Shatha, binti ami yetu, kaniletea ujumbe asubuhi: "Allah amrehemu Bimkubwa, akupe subira." Nimeusoma ndani ya basi, watu wanacheka na kupigana picha.

Nambie kafa lini. Nambie wewe, si Suud.

Muhsina


Muscat
Jumapili, 17 Novemba

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimu.

Jumatano asubuhi Bimkubwa alitaka maziwa ya laban. Nikatoka kwenda dukani, dakika kumi tu. Nje ya duka nikamkuta Wael, yule aliyeniposa, Suud akamkataa. Tukakaa garini mwake tukizungumza. Saa nzima, dada. Niliporudi, Bimkubwa yuko sakafuni chooni, kichwa kinatoka damu. Alikuwa hai. Akaniambia, "Nilikuita." Ambulensi ilipofika keshakata roho.

Wakamzika baada ya Alasiri, kule makaburini Amerat. Suud akasema usiambiwe mpaka urudi, uko peke yako nchi ya watu. Nikashukuru aliposema hivyo. Si kwa ajili yako. Kwa ajili yangu. Watu wote wanadhani nilikuwa jikoni. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Mdogo wako,
Balqis


Auckland, uwanja wa ndege
Jumatatu, 18 Novemba

Balqis,

Jana wenzangu walikwenda kutazama chemchemi inayoruka. Miye nikashindwa kushuka basini. Ngaire akawapa mtu mwingine wa kuwaongoza, akarudi kwangu. Akaniuliza jina la mama. "Masouda," nikamwambia. Akalilia jina la mtu asiyemjua, kwa sauti, mpaka dereva akashuka akatuacha. Ndipo na miye machozi yakanitoka.

Barua yako nimeisoma sijui mara ngapi. Lile neno "nilikuita" ungeweza kunificha, nisingelijua maisha. Sijui nikushukuru au nikulaani kwa kuniambia. Tangu jana kila nikifumba macho naisikia sauti yake, na mara jina analoita ni lako, mara ni langu.

Ndege inatua kesho saa nne asubuhi. Suud asije kunipokea. Njoo wewe, peke yako. Nikikuona, sijui nitakukumbatia au nitakupiga kofi mbele za watu.

Njoo hivyo hivyo.

Dada yako,
Muhsina